Kifaranga wa Kishingo

Zama zile, bibi zetu wangali watoto, huko Majita aliishi msichana mdogo, Nyanjige. Maswali yake yalikuwa mengi kuliko manyoya ya kuku.

Asubuhi moja, kuku wao aliangua. Ko, ko, ko! Pio, pio, pio!

Vifaranga wote walikuwa na manyoya laini. Ila mmoja. Shingo yake ilikuwa tupu kabisa, maskini!

"Huyu anaumwa," mama alisema. "Tumtenge na mama yake, asije akaambukiza wenzake."

Kifaranga akawekwa kapuni peke yake. Pio! Pio! Nyanjige naye nusura alie.

Akamwinamia, akamuuliza:
"Kishingo, Kishingo,
shingo umeitoa kwa nani?"

Akamtazama mama kuku. Manyoya tele!
Akamtazama jogoo wao. Manyoya tele!

Mbio, mbio, akaenda kwa jirani, Mzee Magesa.
"Shikamoo, babu. Naomba nimwone jogoo wako."
"Marahaba, mjukuu wangu. Yule mtoro? Si kila siku yuko uani kwenu!"

Nyanjige akarudi mbio uani kwao. Kokorikoo! Jogoo wa Mzee Magesa akatokea nyuma ya kuni. Shingo tupu, maringo tele!

"Mama! Mama! Haumwi! Ana shingo ya baba yake!"

Mama akacheka. "Kumbe! Maji hufuata mkondo." Akamrudisha kifaranga chini ya bawa la mama yake. Pio... akanyamaza.

"Lakini mama, mbona wenzake hawana?"
"Hapo umenishinda, mwanangu. Kasome."

Nyanjige akasoma. Akasoma mpaka chuo kikuu, akawa Dokta Nyanjige. Kila alikokwenda, aliwainamia kuku:
"Kishingo, Kishingo,
shingo umeitoa kwa nani?"

Taratibu akajua. Kila mtoto huchukua kidogo kwa baba na kidogo kwa mama. Hata cha mababu wa kale kimo. Na shingo tupu humpunguzia kuku joto, ndiyo maana haijapotea.

Miaka ikaenda. Mama akafariki. Nyanjige akawa bibi mwenye mvi, na kila siku alimkumbuka mama yake.

Jioni moja alikuwa akimlaza mjukuu wake, Upendo.
"Bibi, meno yangu mapya yameota. Tazama!"

Upendo akacheka. Katikati ya meno palikuwa na mwanya.

Bibi akakaa kitandani. Machozi yakamlengalenga.

"Bibi, mwanya wangu nimeutoa kwa nani?"
"Kwa mama yangu."
"Yuko wapi?"
"Cheka tena kidogo, nimwone."

Upendo akacheka. Kisha akapiga miayo, akalala.