Abiria Asiye na Haraka

Mkono wa chuma ulichomoza ardhini, ukapapasa ubavu wa gari, ukalipata tundu la chaji na kujichomeka. Dereva hakushuka hata kwenye kiti. Siku hizi Tanga nzima ilikuwa hivyo: hakuna kadi ya kampuni hii na namba ya siri ya kampuni ile, hakuna kuzunguka mji kutafuta kituo kizima. Unafika, unataja safari yako, na Mgawaji, akili ya mashine inayosimamia vituo vyote, anapima haraka yako na kukupa zamu.

Aliyembuni ni Mhandisi Zamda Mhina. Alichojivunia kuliko vyote ni kwamba hakuna aliyeweza kumwamrisha Mgawaji, hata yeye mwenyewe. Enzi za wakubwa kuruka foleni kwa simu moja zilikwisha, na zikome kabisa!

Alasiri hiyo Zamda alikuwa kwenye foleni kama raia yeyote, mara likaja gari la maiti likijikokota, chaji imekaribia kwisha. Ndani, kijana Hizza Semkiwa alikaa kando ya jeneza la mama yake. Kaburi lilishachimbwa Muheza, na waombolezaji walikuwa wakingoja kuzika kabla ya magharibi.

"Abiria hana mapigo ya moyo," Mgawaji alisema kwa upole. "Haraka yake ni sifuri. Zamu yenu ni ya mwisho."

"Ya mwisho?" Hizza aliruka nje. "Huyu ni mama yangu! Unataka alale njiani?"

Watu wote wakamgeukia Zamda. "Dada mhandisi, fanya kitu!"

"Siwezi," alisema Zamda kwa aibu. "Nilimfunga hivyo makusudi. Zamu haiuzwi wala haihamishwi."

Bi Mwanahamisi, mchuuzi wa samaki aliyekuwa mbele ya foleni, akamkazia macho. "Na kujitoa je?"

"Kunaruhusiwa. Lakini ukijitoa hupati chaji mpaka kesho. Na samaki wako, mama?"

"Wataoza, ee! Samaki wananunulika, mama wa mtu hanunuliki. Wewe Mgawaji, najitoa! Niadhibu utakavyo!"

"Na mimi!" alidakia dereva wa nyuma yake. "Na mimi!" Sauti zikashuka foleni nzima mpaka kwa bwana mmoja mwenye tai, aliyejifanya anatazama simu. Bi Mwanahamisi akainama dirishani kwake. "Mwanangu, wewe uliokotwa?"

"Najitoa," bwana yule alisema haraka, na watu wakacheka.

Zamda naye akajitoa. Foleni ikabaki na gari moja tu, na mkono ukachomoza kulihudumia. Punde Hizza aliondoka na mama yake, akipunga mkono huku analia.

Bi Mwanahamisi akaazima jiko na sufuria kwa mama ntilie wa jirani. "Tunangoja mpaka kesho, basi tule!"

"Madereva wote wamejitoa kwa ajili ya marehemu mmoja, na sioni hitilafu," Mgawaji alisema. "Tafadhali nijulisheni. Nani hapa amefiwa?"

"Sisi!" walijibu wote kwa pamoja, na sauti ya Zamda ilikuwa juu kuliko zote.