Paneli ya Mama

Paneli iligoma kuonekana. Dirisha la programu lilifunguka vizuri, vitufe vyote vipo, lakini katikati palikuwa kijivu kitupu.

"Baba, mama yuko wapi?" Binti wa fundi, wa miaka sita, alikuwa ameegemeza kidevu mezani.

"Anakuja. Unacheza na fundi wa mafundi wewe?"

Hakudanganya. Kwenye Java, lugha ya kuandikia programu, jamaa alikuwa moto. Hata wenye vyeti ukutani walimpigia simu kimyakimya. Mkewe alikuwa na miezi miwili kaburini, na mtoto alishaanza kuisahau sauti yake. Ndiyo maana akahamishia picha na sauti zote za marehemu kwenye paneli moja, kibao cha kukaa ndani ya dirisha la programu, mtoto abonyeze, mama aongee. Kazi ya asubuhi moja, alijitapa.

Ikafika alasiri. Ukubwa wa paneli sawa. Mpangilio sawa. Akaiuliza programu swali la mwisho: paneli hii imebandikwa wapi? Maana paneli moja haikai madirisha mawili; ukiibandika kwenye la pili, la kwanza inalihama.

Jibu likaja: dirisha la pili, nje ya kioo cha kompyuta, upande wa kushoto.

Yeye aliandika dirisha moja tu.

Harufu ya mafuta ya nywele ya marehemu ikajaa chumbani. Akalivuta lile dirisha taratibu, na kadiri lilivyoingia kwenye kioo ndivyo spika zilivyozidi kupumua, pumzi nzito za mtu aliyepanda ngazi nyingi, hadi uso wa mkewe ukatokea, si kama alivyopigwa picha bali umegeuka ubavu kumtazama mtoto, na midomo ikafunguka kwa upole uleule wa zamani: "Kapengo, njoo kwa mama."

Mtoto akaruka kwa furaha. Fundi akaganda. Jino la mbele la mtoto lilikuwa limeng'oka Jumatatu, na utani wa Kapengo aliuanzisha yeye mwenyewe, juzi.

Mama mkwe, aliyewahi kuwapunga watu wenye majini, alisimama mlangoni.

"Mama, hili dude limekuwa likitusikiliza humu ndani," fundi akanong'ona.

"Huyo si mwanangu. Mimi ndiye niliyemzaa. Lifute, baba, kabla halijamzoea mtoto."

"Nikilifuta, picha zinakwenda. Sauti pia. Sikuweka nakala."

Fundi wa mafundi, eti, hakuweka nakala!

Bibi wa mtoto akamshika fundi bega, akaanza dua. Spika zikalia kilio cha mwanamke anayeachwa njiani, kikiwataja mmoja mmoja, kikiomba, kikiomba, fundi akabonyeza kufuta huku amefumba macho, machozi yakidondokea kibodi, mpaka kukawa kimya na harufu ikakatika.

Mtoto alikitazama kile kijivu. Kisha akamvuta baba yake shati.

"Mrudishe," alisema polepole. "Hata kama siyo yeye."

Bibi akaangua kilio. Vidole vya fundi vilikuwa vimesharudi kwenye kibodi.