Vijiti vya Waridi

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alichukua ufunguo chini ya chungu, akafungua mlango na kupiga hodi. Hakuna aliyeitikia. Alijua vizuri kwamba hakuna wa kuitikia, maana shangazi yake alikuwa muuguzi na alirudi jioni akiwa hoi. Lakini kuingia kimya kimya kulimfanya ajione kama mwizi katika nyumba yao wenyewe.

Jina la Chiriku alipewa na mama yake, kwa sababu ya mdomo usiojua kupumzika. Enzi hizo! Mama alipokuwepo, wawili hao walishinda nyuma ya nyumba wakipalilia mawaridi na kupiga soga mpaka giza liwafukuze. Kisha mama akapata kazi katika kiwanda cha nguo, mji wa mbali, na mdomo wa Chiriku ukakosa kazi.

"Nitunzie bustani yetu, mwanangu," mama alimwambia siku ya kuondoka.

Mwanzoni Chiriku aliimwagilia maji kila jioni. Lakini kila alipoinua kopo alijikuta akigeuka ili amwambie mama jambo, na mama hayupo. Machozi yalimtoka. Basi akaacha kabisa kwenda huko nyuma. Kiangazi nacho hakikuwa na huruma. Kilipokaribia kwisha, mawaridi yalikuwa yamekauka, na kilichostawi ni magugu.

"Bustani yetu inaendeleaje?" mama aliuliza kwenye simu.

"Inachanua, mama! Ukiiona utaipenda."

Uongo huo ukazaa mwingine. Leo yalichanua mawaridi meupe, simu iliyofuata mekundu, na yote yalichanua mdomoni tu. Chiriku alijisikia vibaya kila alipokata simu, lakini sauti ya mama ilikuwa na furaha, naye hakutaka kuiharibu.

Jioni moja mama akasema, "Jumamosi asubuhi nitakuwa hapo. Nina hamu na hayo mawaridi!"

Kwa muda mrefu Chiriku alikuwa amemngoja mama kwa hamu, na sasa alitamani basi lisije.

Kesho yake, Ijumaa, alipotoka shule hakwenda nyumbani. Alizunguka mitaani kutazama bustani za watu, akitafuta namna ya kuiokoa yake. Katika uwanja wa dereva mstaafu aliona nyanya zimepandwa ndani ya matairi makuukuu, na maua ya njano yakizizunguka.

"Unazichungulia au unazisalimia?" dereva aliuliza. "Ingia, mjukuu wangu. Nyanya zangu haziumi."

Chiriku alicheka, akashangaa kusikia kicheko chake mwenyewe. Dereva alimpa maua ya njano aliyoyaomba, akamkaribisha tena siku yoyote.

Nyumba ya pili aliyoingia ilikuwa ya fundi cherehani, jirani na kwao. Ukuta wake wote ulifunikwa na mawaridi, tena katika jua lile lile lililoiua bustani ya Chiriku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Wewe si yule wa nyumba ya jirani? Nilidhani mmehama. Siku hizi hata sauti yako siisikii."

Chiriku akaomba waridi la kupanda. Fundi alichukua mkasi, akakata matawi machache, kisha akayaondoa maua na karibu majani yote. Vikabaki vijiti vitupu.

"Mbona umeyatoa maua?" Chiriku aliuliza, akikaribia kulia.

"Tawi lililokatwa halina mizizi. Ukiliachia ua, nguvu yote inaishia kwenye ua, na tawi linakufa. Liache kwanza lishike ardhi. Nije nikusaidie kupanda?"

"Hapana, asante. Tutapanda na shangazi." Shangazi wa watu hakuwa na habari. "Lakini naomba na yenye maua. Ni ya kupamba meza."

Fundi alimkatia fungu zima. Chiriku alifika nyumbani, akavitupia vile vijiti ndani ya ndoo ya maji na kuvisahau hapo. Nani angefurahia kuonyeshwa vijiti?

Jumamosi alfajiri, shangazi akiwa kazini, alichimba vishimo, akayachomeka maua yote ardhini na kuyamwagilia. Ukisimama mlango wa jikoni, ungeapa kwamba yameota hapo. Akaoga, akavaa vizuri, akakaa kumngoja mama.

Mama hakuja. Basi lilikuwa limeharibika njiani. Jua likapanda, likawa kali, na maua yakaanza kuinama moja baada ya jingine. Chiriku alikimbia na kopo huku na huku, lakini maji hayakusaidia kitu.

Mama alifika alasiri. Walikumbatiana mlangoni kwa muda mrefu. Kisha mama akaelekea moja kwa moja nyuma ya nyumba, na Chiriku akamfuata. Mama aliinama, akashika waridi moja. Likatoka mkononi bila hata kuvutwa.

Chiriku alifikiri kusingizia kuku wa jirani. Lakini alipomwona mama amelishika ua lile, alishindwa.

"Nilikudanganya, mama. Bustani ilikufa zamani. Nikija hapa peke yangu nalia, kwa hiyo niliiacha. Niliogopa kukwambia."

Mama alikaa chini, kwenye udongo, na nguo zake za safari. "Mimi nilikwambia nini kuhusu kazini?"

"Kwamba una marafiki wengi. Mnakula pamoja na mnacheka."

"Sina hata mmoja, mwanangu. Nakula peke yangu kwenye ngazi za kiwanda."

Walitazamana. Mama akaanza kulia, kisha akacheka, na Chiriku akamwegemea begani.

"Tumefichana ili tusiumizane," mama alisema, "na kila mmoja ameumia upande wake. Ungeniambia kweli, ningemwomba shangazi au jirani akae nawe. Hata anayekupenda hawezi kukusaidia shida uliyomficha. Na bustani haitengenezwi asubuhi moja kwa ajili ya macho ya mgeni. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama." Hapo ndipo Chiriku alipoikumbuka ndoo. "Mama, vipo vijiti!"

Walimwita fundi cherehani. Alikuja na jembe lake dogo, akayatazama maua yaliyolala ardhini, kisha akamtazama Chiriku.

"Kumbe meza yenu ni kubwa hivi!"

Chiriku alimwomba radhi. Fundi aliipokea, akaongeza sharti moja: baada ya shule Chiriku apitie kwake, wamwagilie kwa fundi kwanza, kisha waje kwa Chiriku. Siku hiyo walipalilia wote watatu na kuvipanda vijiti kivulini mwa ukuta.

Mama aliondoka tena Jumapili. Nyumba ilirudia ukimya wake, na Chiriku alimkumbuka kama zamani. Mvua za kwanza zilipoanza, simu ililia.

"Bustani yetu inaendeleaje?"

"Vijiti viwili vimekufa, mama. Kimoja kimetoa jani, dogo sana. Na jana nililia kidogo, kisha nikaenda kwa fundi."

"Hizo ndizo habari ninazozitaka," mama alisema. "Sasa nisimulie kuhusu hilo jani."

Na Chiriku akasimulia mpaka chaji ikaisha.