Setilaiti Iliyofundishwa Kujiamulia

Baba Pacha, kama watu walivyomwita kwa sababu ya mabinti zake mapacha, alikuwa mwongoza setilaiti. Kutwa alikaa mbele ya kompyuta, akikiongoza chombo hicho kinachozunguka dunia na kupiga picha za mto. Bondeni, kando ya mto huo, aliishi mama yake.

Hata akiwa mezani na familia, mawazo yake yalikuwa huko juu. Mkewe alimtania kwamba ameoa mke wa pili, tena wa angani.

Shida ilikuwa moja. Setilaiti ikienda upande wa pili wa dunia, mawasiliano hukatika. Msimu mmoja wa mvua iliyumba ikiwa huko. Paneli zake za sola zikaacha kulielekea jua. Ikaishiwa umeme, ikazima kamera, ikangoja amri. Walipoiamsha, mto ulikuwa umeshafurika. Majirani walimtoa mama yake nyumbani maji yakiwa kifuani.

Baba Pacha alijilaumu sana. Mhandisi mwenzake, mama mmoja mtaratibu, alimweleza kwamba hakuna aliyezembea. Setilaiti ilingoja amri ambayo isingeweza kuifikia. Akashauri waiwekee akili mnemba, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na picha na taarifa nyingi za nyuma.

"Na ikikosea?" Baba Pacha aliuliza. "Bondeni yuko mama yangu."

"Kukosea itakosea," mhandisi alijibu. "Ndiyo maana tunaiwekea mipaka. Kuligeukia jua, iamue yenyewe. Kupiga picha zaidi ikiona maji yanapanda, iamue. Kuwaambia watu wahame, hapana. Hilo ni letu."

Waliifanyia majaribio mengi. Kuna siku ilidhani kivuli cha wingu ni mafuriko. Wakaisahihisha, wakaijaribu tena.

Mvua iliporudi, setilaiti iliyumba tena ikiwa mbali. Safari hii ilijiweka sawa yenyewe. Ilipopita juu ya mto, iliona maji yanatanuka, ikapiga picha na kuzituma bila kuambiwa. Baba Pacha alizikagua kwa makini. Hakikuwa kivuli. Akawapigia simu viongozi wa bondeni, na watu wakahama mapema.

Mama yake alifika kwake na godoro lake, nguo zikiwa kavu.

"Mwanangu, hicho chombo chenu kilinihofia?"

"Hapana, mama. Kinaona tu. Kuhofia ni kazi yetu."

Mama akacheka, akauliza alilaze wapi godoro.