Chapa ya Meno ya Mama Vitalia

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Scolastika alichota maji kisimani, akafagia uwanja, kisha akampikia mama yake uji mwororo. Baba yake alikuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kama wanaume wengi wa kijiji chao cha Mapera enzi zile za Mwingereza. Uji haukukosekana hata siku moja. Mama Vitalia hakuwa mzee, lakini ugonjwa wa fizi ulikuwa umemaliza meno yake yote ya juu. Chakula cha kutafuna kilimshinda, mwili ulikuwa umepungua, na alipozungumza na watu alijifunika mdomo kwa pindo la kanga.

Kwa hiyo iliposikika kwamba fundi wa meno amefika zahanati, Mama Vitalia alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kwenda kujiandikisha. Fundi huyo aliitwa Tadei. Alikuwa mtu wa Songea, mrefu, mwenye maneno machache, na alikuwa amepanda milima kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa na masanduku mawili yenye kufuli.

"Unajua mle ndani mna nini?" Hildegardi alimwuliza Scolastika wakitoka shule. Hildegardi alikuwa rafiki na jirani yake, na habari zote za kijiji zilipita kwake kwanza. "Yule mama Mnyasa anayeuza dagaa wa usipa sokoni amesema huko ziwani watu walimkimbia. Anachukua mataya ya watu."

"Anayachukuaje, na wenyewe bado wanatembea?"

"Sijui. Lakini mtu mwema hufunga masanduku kwa kufuli ili kuficha nini?"

Scolastika alitembea akiliwazia swali lile. Watoto wote wa siku zile walikuwa wamesikia habari za mumiani, watu waliosemekana kunyonya damu ya wenzao na kwenda kuiuza. Alipofika nyumbani alimwuliza mama yake fundi atamfanya nini.

"Atanipima," mama alijibu.

"Atapima nini?"

"Scolastika, mambo ya wakubwa waachie wakubwa. Kachambue maharage."

Siku ya kupimwa, Scolastika alimsindikiza mama yake, akaambiwa asubiri nje. Hakusubiri. Alizunguka nyuma ya zahanati, akachungulia dirishani. Mama alikuwa ameketi, kichwa kimeegemezwa nyuma. Fundi Tadei alilainisha kitu fulani katika maji ya moto, akakijaza kwenye kijisahani cha chuma chenye umbo la ukwato, akakisukuma mdomoni mwa mama na kukishikilia. Mama alitaka kutapika. Machozi yalimtoka. Kisha fundi akavuta, na kilichotoka kilikuwa chekundu kama nyama mbichi.

Scolastika alikimbia kurudi mbele ya zahanati kumngoja mama yake. Njia nzima ya kurudi mama hakusema neno, kwa kuwa mdomo ulimwuma, na mtoto akawa anamtazama kwa pembe ya jicho, akijiuliza kama ulimi wake ungali mzima.

Kesho yake alasiri alipita tena pale dirishani. Chumba kilikuwa kitupu. Kwenye rafu yalipangwa mataya meupe, mengine yana meno, mengine hayana. Mlango ulikuwa wazi, kwa sababu Mzee Izidori, mfagizi wa zahanati, alikuwa ameenda kuchota maji. Scolastika aliingia. Taya moja la chini lilikuwa na jino la mbele lililopinda kushoto, sawasawa na jino la mama yake. Pembeni lilikuwa limechorwa jina: VITALIA. Sasa hakuwa na shaka tena. Mtu huyu alikuwa amemchukua mama yake, akamwandika jina kama mzigo unaosubiri kusafirishwa.

Alilitwaa taya lile pamoja na mwenzake wa juu, akayafunga kwenye kitenge, akakimbia hadi shambani na kuyafukia katika shimo moja la ngoro, yale mashimo ya kilimo yanayozuia maji ya mvua ubavuni mwa mlima.

Mvua ilinyesha usiku ule. Kulipokucha, zahanati ilikuwa imechafuka kwa habari ya mataya yaliyopotea. Bwana Bernadi, msimamizi, alisema mwenye ufunguo wa chumba kile alikuwa mtu mmoja tu, akamnyang'anya Mzee Izidori ufunguo. Kijiji kilimalizia yaliyobaki. Kisimani wanawake waliacha kumsalimu mke wa Izidori.

"Si nilikuambia?" Hildegardi alinong'ona. "Kumbe Izidori ndiye anayemuuzia fundi watu."

Jioni Scolastika alimkuta Mzee Izidori ameketi kwenye ngazi ya zahanati, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe hupita hapa kila siku. Jana hukumwona mtu akiingia chumba kile?"

Scolastika alimtazama usoni. "Sikumwona, mzee."

"Haya," Izidori alisema taratibu. "Nakuamini. Mama yako ni mtu wa kweli."

Neno lile lilimfuata hadi nyumbani. Aliusukuma ugali pembeni. Mama alipomwuliza kama anaumwa, alilia, akasema yote: dirisha, kile kitu chekundu, jina, ngoro, na uongo aliomwambia mzee wa watu.

Mama Vitalia hakumpiga. Asubuhi walikwenda shambani pamoja. Jembe lilipogusa chini, walitoa vipande vyeupe vilivyolainika kwa maji, havifai tena kitu. Mama alivikusanya katika kanga. "Twende," alisema.

Zahanati waliwakuta Fundi Tadei na Bwana Bernadi, na Mzee Izidori aliitwa. Scolastika alieleza mwenyewe.

"Kwa nini uliyachukua?" fundi aliuliza.

"Nilidhani unachukua mataya ya watu. Nilitaka kumrudisha mama."

Hakuna aliyecheka. Tadei alifungua kufuli ya sanduku lake moja, akamwonyesha mabamba magumu mekundu. "Hii ni kama nta. Imetiwa rangi tu. Ukitaka kujua inavyofanya kazi, keti."

Scolastika alimtazama mama yake, kisha akaketi. Ile nta ya uvuguvugu ilijaa mdomoni, ikawa na ladha ya mshumaa, ikamfanya atake kutapika, halafu ikapoa na kuwa ngumu. Fundi alipoivuta, alimwonyesha mashimo madogo, kila moja ni nyumba ya jino lake. Akakoroga unga mweupe wa jasi kwa maji na kuumimina ndani. Ulipokauka, Scolastika alishika meno yake mwenyewe mkononi, na yale ya kweli yote yakiwa bado mdomoni mwake.

"Meno ya mama yako yatatengenezwa Songea," Tadei alisema. "Yeye atakuwa huku. Bila umbo la kinywa chake mezani, fundi atajuaje yatamkaa? Na jina ni ili yasichanganyike. Ungependa mama avae meno ya mzee mwenye ndevu?"

Kisha fundi alimwita Mama Vitalia kitini, akaanza kazi upya.

Scolastika alipiga magoti mbele ya Mzee Izidori. Mzee aliizungusha kofia yake mkononi.

"Uliniangalia usoni," alisema.

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini mimi siwezi kwenda kisimani kujitetea. Utakwenda wewe."

Alikwenda siku ileile, akasema mbele ya wanawake wote na mbele ya Hildegardi, ambaye aliinamisha macho ndooni. Bwana Bernadi alimrudishia Izidori ufunguo na kumwomba radhi hadharani.

Meno yalikuja na lori kabla ya msimu wa kuchuma kahawa. Siku za mwanzo Mama Vitalia alipiga mbinja kila alipotamka "s", na wote wawili walicheka. Jioni moja, wakiwa wamekaa jikoni, mama alimvuta binti yake karibu.

"Ulipoona jambo usilolielewa, ukashuku. Kushuku si kosa. Mtu asiyeshuku hudanganywa. Na uliponiuliza, mimi nilikufukuza. Hilo lilikuwa kosa langu. Lakini ungeniuliza tena, au ungemwuliza fundi mwenyewe. Ukaamua kujijibu, na jibu lako likamwangukia mtu asiyehusika. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Shaka yako ipeleke kwa mwenye jambo, mchana, uso kwa uso. Usiifukie shambani, maana huko haiozi. Huota."