Pazi Amekula

Ilipofika saa tatu asubuhi ya tarehe kumi na tisa Desemba, Mpasha alikuwa amemaliza kuusoma mwaka mzima. Alikuwa amepitia barua pepe elfu arobaini, mihtasari ya vikao, madaftari ya maabara na nyendo za kila beji iliyopita kila mlango, kisha akatoa kurasa nne: Habari za Mwisho wa Mwaka 2094, Idara ya Utafiti wa Tiba.

Mpasha hakuwa na mwili. Alikuwa sauti tu ndani ya kuta za chuo kikuu kimoja pale Morogoro, sauti nzito ya mtangazaji wa redio wa zamani, na vijicho vya kioo vilivyobandikwa kila mahali, hata ndani ya jokofu la maziwa ya chai. Kila Desemba, saa nane mchana, watu wakishaketi mbele ya pilau, aliwasomea: nani kapanda cheo, nani kachapisha makala, nani kaoa. Na hakuwa mwongo. Mwaka juzi alitangaza uchumba wa watu wawili ambao wenyewe walikuwa bado hawajaambiana. Leo wana mapacha, na mmoja wao anaitwa Mpasha. Kawaulize.

Utaratibu ulitaka mtu mmoja aisome rasimu kwanza. Mwaka huu zamu ilikuwa ya Bi. Nyamizi Katabi, fundi wa maabara aliyebakiza miaka miwili astaafu. Aliisoma amesimama, kikombe mkononi, akicheka peke yake, mpaka alipofika sehemu ya watumishi.

“Bw. Pazi Mwinyimkuu, fundi mwandamizi, Chumba cha Saba. Ametangulia. Hajachukua likizo hata siku moja. Amekula mara mbili kila siku, kwa wakati. Asubuhi hii moyo wake unapiga mara sitini na nne kwa dakika.”

Pazi alikuwa amezikwa mwezi wa tatu.

Bi. Nyamizi aliweka kikombe chini. “Mpasha, hii ya Pazi umeitoa wapi?”

“Kwako, Bi. Nyamizi.”

“Kwangu mimi?”

“Mwezi wa tatu Profesa aliandika kwamba mwenzetu ametutoka. Nikaangalia milango yote, sikuona hata mmoja aliotokea. Wengine waliandika kwamba ametangulia. Nikadhani ni kwenye mkutano wa Arusha, kwa kuwa na wao walikuwa wanajiandaa kwenda. Ofisi ya utumishi iliandika kwamba amepumzika, lakini fomu ya likizo haipo. Ndipo nikasoma daftari la Chumba cha Saba. Tangu Aprili, kila siku, saa nne na saa kumi, kwa mwandiko wako: Pazi amekula.”

Bi. Nyamizi alivuta kiti akakaa.

Mafundi wa maabara ile walikuwa na mazoea ya kuziita seli kwa jina la mwenye nazo. Miaka mitatu nyuma Pazi alijitolea kipande cha ngozi, kidogo kama punje ya mchele, na mashine ikazigeuza seli za ngozi kuwa seli za moyo. Zilitunzwa ndani ya kiatamizi, kabati la kioo lenye joto la mwili wa mtu, katika maji mekundu ambayo mafundi huyaita uji. Zikikua pamoja, huanza kupiga zenyewe. Kipande cha Pazi kilikuwa na upana wa kucha ya kidole gumba, na kilipiga usiku na mchana bila mtu.

Sheria ilisema mchangiaji akifa, ridhaa yake imekwisha, na seli zake ziteketezwe. Lakini Mpasha ndiye aliyesimamia sheria hiyo, na Mpasha hakuambiwa kwamba kuna mtu amekufa. Bi. Nyamizi alilijua hilo tangu Aprili. Akanyamaza, akaendelea kumimina uji.

“Lifute jina lake kwenye habari,” alisema.

“Siwezi kumfuta mtumishi aliye hai. Na huwa anaitikia. Kila unapofungua mlango na kumsalimia, mapigo yanapanda hadi sabini na mbili.”

“Ni joto linalobadilika mlango ukifunguka.”

“Nikiufungua mimi, hayapandi.”

Bi. Nyamizi alikuwa anawaza kiti cha mbele ukumbini, ambacho saa nane kingekaliwa na Bi. Siwatu, mjane wa Pazi, aliyealikwa kupokea cheti cha kumbukumbu. Akiacha habari zisomwe, mjane angesikia mbele za watu kwamba mumewe amekula asubuhi. Akilitaja neno ambalo Mpasha hajawahi kupewa, kiatamizi kingezimika.

Alizunguka Chumba cha Saba hadi saa sita. Bi. Siwatu akafika mapema, kavaa khanga mpya ya rangi ya embe, akagonga kioo cha mlango.

“Mtani, mbona umejificha? Au umemaliza pilau peke yako?”

Walikuwa watani kweli. Pazi na mkewe ni Wazaramo, Nyamizi ni Mnyamwezi, na kwa miaka ishirini walirushiana matusi ya kirafiki kila walipokutana. Mzaramo akifa, mtani Mnyamwezi ana kazi msibani: kuwasumbua wafiwa, kumtania maiti, mpaka mtu acheke katikati ya kilio. Lakini wiki ya msiba wa Pazi chupa ya virusi ilikuwa imepasuka mkononi mwa Nyamizi, akafungiwa karantini siku kumi na nne. Alipotoka, Pazi alikuwa ardhini na hakuna aliyemtania.

Basi akamweleza mwenzake kila kitu, bila kumwangalia usoni wala kulitaja neno lile, kisha akamsogezea hadubini ya kiatamizi.

Bi. Siwatu aliinama. Alikaa hivyo muda mrefu.

“Ndio huu?”

“Ndio.”

“Na wewe unaulisha.”

“Saa nne na saa kumi.”

“Mimi nimekaa eda miezi minne na siku kumi.” Sauti yake ilikuwa ya chini. “Sikutoka, sikujipamba. Nikamaliza, nikaoga, nikavaa rangi. Kumbe muda wote huo moyo wa mume wangu unapiga huku, na wewe unaupikia.”

“Nisamehe, dada Siwatu.”

“Alikuwa anakuitikia?”

“Mashine inasema hivyo.”

Mjane aliinua uso kutoka kwenye hadubini. “Mwambie hilo neno. Hukuja msibani, mtani. Kazi yako inakusubiri.”

Bi. Nyamizi aliweka kiganja juu ya kioo cha kiatamizi. Kilikuwa na joto la mtu. Alijikohoza.

“Mpasha, andika. Pazi Mwinyimkuu, Mzaramo mpenda ngoma, mvivu wa kupanda ngazi, aliyeazima chupa yangu ya chai mwaka themanini na tisa na kuivunja mfuniko akasema ni panya,” akasimama kidogo, “amekufa.”

“Amekufa,” Mpasha alirudia, taratibu, kama anayeonja kitu kigeni. “Nimepokea.”

Taa ya kiatamizi ikageuka bluu na joto likaanza kushuka. Namba ya mapigo ilikuwa sabini na mbili. Ikawa hamsini. Ikawa thelathini na moja, ikakaa hapo muda, kama mtu aliyegeuka mlangoni. Bi. Siwatu alivua khanga ya begani akafunikia kioo, wakaacha kuangalia namba.

Saa nane Mpasha aliwasomea. Alipofika kwa Pazi alisoma alichopewa, neno kwa neno, kwa sauti ile nzito ya redio: ngoma, ngazi, mfuniko, panya, amekufa. Profesa akaangusha kijiko. Ukumbi mzima ukaganda, kisha kicheko kikatoka kiti cha mbele, kicheko cha mjane, chenye machozi ndani yake, na watu wakapata ruhusa ya kucheka.

Mpasha alisubiri kimya kirudi.

“Bi. Nyamizi Katabi,” akaendelea, “fundi wa maabara, Chumba cha Saba. Kuanzia leo, saa nne na saa kumi, hana wa kumsalimia.”