Maji ya Kumwogesha Mundhir

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Wahida alifagia uwanja na kubandika sufuria ya maji jikoni. Tangu mama yake, Mardhiya, ajifungue mtoto wa kiume, Mundhir, nyumba yao ya Dunda ilinukia ubani na mafuta ya nazi. Bibi Biubwa alikuja kutoka Mlingotini kumlea mzazi na kumwogesha mtoto, kama alivyomwogesha Wahida alipozaliwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo maji utayaandaa wewe. Kwetu kazi hii hapewi mtu ovyo."

Wahida alijiona amekuwa mkubwa. Alichanganya maji kwenye beseni, kisha akatoka barazani kumtambia rafiki yake Lulu. Mazungumzo yakanoga. Aliporudi, maji yalikuwa yamepoa. Akamimina ya moto harakaharaka, akalipeleka beseni chumbani.

Bibi alikuwa ameketi, miguu ameinyoosha, Mundhir amemlaza juu yake.

"Umeyapima kwa kiwiko?"

"Ndiyo, Bibi." Ulimi ulimtangulia.

Bibi akachota maji kwa kata. Mundhir alipiga miayo, kitumbo wazi. Wahida alijua akisema kweli hataaminiwa tena. Lakini ngozi ile ilikuwa laini mno.

"Bibi, ngoja! Sikuyapima!"

Kata ikasimama hewani. Bibi akachovya kiwiko, akakitoa upesi. "Lahaula! Yangembabua!"

"Nisamehe, Bibi," Wahida alisema huku akilia. "Nimekudanganya."

Bibi aliirudisha kata beseni. "Futa machozi. Tia ya baridi, kisha pima."

Wahida alipima, akapima tena, mpaka maji yakawa vuguvugu. Mundhir akaogeshwa, akakaushwa, akakandwa mafuta, naye akatulia kama aliyepewa dunia. Kisha Wahida akaenda kumwaga maji shinani mwa mgomba, kwani kwao maji ya mtoto mchanga hayakanyagwi na wapita njia.

Aliporudi, alimkuta Bibi akimweleza mama yake yote yaliyotokea.

"Mardhiya, binti yako nimemwonea fahari," Bibi alisema. Akamgeukia Wahida. "Mila zetu ni nzuri, mwanangu, lakini hazimlindi mtoto ikiwa anayemhudumia si mkweli. Ukikosea, sema mapema. Aibu hupita, kovu hubaki. Kesho maji utayaandaa wewe tena."

Wahida alikwenda shule akitembea kifua mbele.